Marehemu Afike Mwenyewe

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote iliyotundikwa darasani, na wakazi wake wameniomba niliseme hilo mapema, asije mtu akadhani anaifahamu. Inaitwa Tengamano. Ina mito miwili, reli moja isiyofika mwisho, na mwanafalsafa mmoja.

Mwanafalsafa huyo hakuzaliwa Tengamano. Aliishi na kufa zamani sana katika nchi ya baridi, alivaa nywele za bandia, na aliandika kitabu kuhusu serikali, uhuru na tabia ya binadamu. Kitabu kililetwa na balozi mmoja kama zawadi, kikawekwa stoo ya Ikulu, na mchwa wakakisoma kabla yetu. Mlezi wa Taifa alipokikumbuka, miaka saba baadaye, kurasa za mwanzo zinazoeleza ubaya wa binadamu zilikuwa nzima. Za katikati zilikuwa na matundu. Za mwisho zilihusu uhuru, na hizo zilikuwa vumbi.

Mimi niliajiriwa kukinakili, kwa sababu ya mwandiko wangu. Shule niliacha darasa la nne, na mengine nilijifunza polepole kwa kusoma karatasi za kufungia sukari. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kutoa maoni. Penye neno niliandika neno, na penye tundu niliandika tundu.

Kuhusu matundu iliundwa Kamati. Ilikuwa na wajumbe kumi na wanne na ilikaa miezi mitano. Kitabu kilisema, "Serikali ipo kwa ajili ya," kisha palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya kunde. Mjumbe mmoja alipendekeza neno "raia", akashauriwa kwa upole aende akapumzike, na hadi leo amepumzika. Waliobaki walikubaliana, kwa kauli moja, kwamba neno lililoliwa ni "kuwepo". Watoto wa Tengamano huimba hivyo shuleni: serikali ipo kwa ajili ya kuwepo. Mahali pengine kitabu kilisema, "Mtawala akivunja mkataba, raia wana haki ya," na hapo Kamati ikajaza "kusubiri". Niliyanakili yote kwa wino mweusi. Sikuona kama ni uongo. Nilikuwa nimesubiri mambo mengi.

Fundisho lenyewe, kwa jinsi nilivyolielewa, ni hili. Zamani binadamu waliishi bila serikali, kila mmoja akimwinda mwenzake. Walipochoka waliweka mkataba: wao watoe ridhaa, serikali itoe usalama. Serikali ikiondoka hata kwa nusu siku, watarudi kuwindana. Mlezi wa Taifa aliyapenda maneno hayo mno. Akataka raia wayaone kwa macho yao.

Ndipo ikaanzishwa Siku ya Asili. Mara moja kwa mwaka, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, serikali ingejiondoa. Bendera ingeteremshwa, mahakama zingefungwa, askari wangevua sare, na redio ya taifa isingetaja saa. Sheria ya Siku hiyo ilikuwa na kifungu kimoja tu: lolote litakalotokea siku hiyo halikutokea chini ya serikali, na hakuna ofisi itakayolijua.

Mwaka wa kwanza serikali yote ilipanda kilimani na darubini na vyakula vya kufungasha, ili kuwaangalia raia wakiwindana. Nami nilikuwepo, nikiandika yaliyoonekana. Ninayakumbuka. Saa moja, mwanamke anafagia uwanja. Saa tatu, wanaume wawili wanagombea mbuzi, wa tatu anafika, wote wanacheka. Saa nne, soko limefunguliwa. Saa sita, harusi mbili, kwa kuwa siku hiyo hazihitaji kibali.

Jambo lililomuudhi Mlezi zaidi lilikuwa la mtaa wa Kisimani. Bomba la Kisimani lilisimamiwa na askari mwenye fimbo, naye hakuwepo. Lakini watu wa huko wana desturi yao. Alfajiri kila nyumba huweka ndoo yake kwenye foleni, na asiye na ndoo ya ziada huweka jiwe lenye alama ya nyumba yake, kisha kila mtu huenda zake kazini. Jiwe lako ni wewe. Hakuna anayeliruka. Siku hiyo fundi baiskeli mmoja, Shaibu Lukoa, alisimama penye koki tangu asubuhi, akiita zamu kwa kufuata mawe. Alasiri maji yalifika hadi jiwe la mwisho, na hilo halikuwahi kutokea kwa miaka tisa ya askari mwenye fimbo.

Mlezi wa Taifa alishusha darubini akasema wanaigiza.

*

Kitabu hakiwezi kukosea, kwa hiyo ilionekana kwamba asili ndiyo iliyohitaji msaada. Mwaka wa pili Idara ya Ridhaa, ambayo ndiyo mwajiri wangu, iliunda kikosi cha Watu wa Asili. Kila mmoja alipewa kirungu cha mninga na gunia la kuvaa kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Waliojitolea hawakutosha, wakaongezwa makarani. Tulifundishwa siku mbili jinsi ya kunguruma. Mkurugenzi wetu, Dokta Sekibo, mtu msomi asiyepandisha sauti, alituaga kwa hotuba ndefu ambayo nimebaki na sehemu yake moja.

"Ndugu zangu," alisema, "hamwendi kumpiga mtu. Mnakwenda kuthibitisha sura ya kwanza."

Gunia langu lilikuwa la vitunguu. Nilipangiwa Kisimani pamoja na wenzangu watatu.

Tulifika saa nane mchana. Shaibu Lukoa alikuwa penye koki, akijaza ndoo ya mtu mwingine. Alituona, magunia na virungu, akafikiri kidogo, kisha akatuambia tuweke mawe yetu kule nyuma, zamu itafika. Mwenzangu mmoja alicheka ndani ya gunia. Wa kwanza akapiga, wa pili akapiga. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilipiga mara moja, begani au shingoni. Gunia halikuniruhusu kuona vizuri. Nimeurudia utaratibu huo kichwani mara nyingi na kila mara mimi ni wa tatu.

Aliangukia mawe ya foleni. Nilitegemea watu wakimbie au watuvamie, maana ndivyo kitabu kinavyosema. Wanawake wa Kisimani hawakufanya lolote kati ya hayo. Kila mmoja alisimama kando ya ndoo yake akatutazama hadi tulipoondoka. Kisha, niliambiwa baadaye, waliendelea kuteka maji, kwa sababu walihitaji ya kumwoshea.

Walimzika kabla ya jua kuzama. Mji mzima siku hiyo walikufa watu kumi na mmoja.

*

Hapa lazima nieleze kazi yangu ya kawaida. Kila Jumamosi asubuhi watu wa mtaa hukusanyika ukumbini, nami huita majina katika daftari. Anayeitwa hujibu, "Nipo." Kisheria neno hilo ni saini: maana yake anaendelea kuridhia mkataba. Mgonjwa anaweza kuitikiwa na mtu wa nyumbani kwake. Jina lisiloitikiwa Jumamosi tatu mfululizo huhesabiwa kuwa limerudi porini pamoja na nyumba yake yote. Mlango hutiwa kufuli la serikali, na jiwe lao huondolewa bombani.

Shaibu Lukoa alikuwa amezikwa katika siku ambayo hakuna kilichotokea. Kwa hiyo hakuwa amezikwa, na jina lake lilibaki katika ukurasa wa ishirini na sita. Jumamosi iliyofuata nililiita. Nikaliita mara ya pili. Mkewe, Bi Mwanakheri, akasimama na khanga yake kichwani akasema, "Nipo."

Alikuwa ameanza kukaa eda. Askari wawili walikwenda kumweleza, kwa heshima zote, kwamba mke wa raia aliye hai akikaa eda anamtakia raia huyo mabaya, na hilo ni kosa. Wakachukua mkeka wake kama kielelezo. Waliokuja matangani waliandikwa majina, wakatawanyika. Mwanamke huyo alibaki hana mume na si mjane, na kila Jumamosi alisimama kuwa mume wake mwenyewe.

Ikaenda hivyo miezi minne. Jumamosi moja Bi Mwanakheri alikuja akiwa amevimba koo. Nilipoita, alifungua mdomo, sauti haikutoka. Kalamu yangu ilikuwa tayari kuweka alama ya kutokuwepo. Basi kutoka mwisho wa benchi, upande wa ukuta, sauti ya mwanamume isiyo na haraka ikasema, "Nipo."

Niliweka alama ya kuwepo. Kazi yangu ni kusikia, si kutazama. Lakini niliona kwamba hakuna aliyegeuza shingo, na kwamba mwisho wa benchi palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, ingawa wengine walikuwa wamesimama. Mkutano ulipokwisha nilikwenda kupima nafasi hiyo kwa rula. Sentimita arobaini na tano. Saruji chini yake ilikuwa na maji, kidogo tu, kama ya mtu aliyetoka kuoshwa bila kufutwa.

Baada ya hapo Shaibu hakuhitaji kuitikiwa. Niliulizana kwa uangalifu na makarani wa mitaa mingine, nikakuta mambo ni hayo hayo kwa marehemu wote kumi na mmoja. Idara ilipoarifiwa haikushtuka. Dokta Sekibo aliandika waraka wa kupongeza. Alisema mahudhurio yamefikia asilimia mia, na kwamba hakuna ridhaa iliyo safi kuliko ya mtu asiyehitaji chochote.

*

Bi Mwanakheri alikuja dirishani kwangu siku ya Jumatatu. Sauti yake ilikuwa imerudi. Alinijua kama karani wa Jumamosi tu, kwa sababu siku ile hakuwepo bombani, na waliokuwepo waliona gunia.

"Karani," alisema, "nataka mume wangu afe."

Nilimkaribisha kiti, nikamwambia, "Mama, hapa tunaandika waliopo."

"Ndiyo kisa. Kila mkimwita anarudi. Anakaa kibarazani na spana yake mkononi. Hali, hanywi. Namwambia, baba Subira, nenda kapumzike. Ananiambia, nitapumzikaje, na jina langu linaitwa?" Akaivuta khanga yake kichwani. "Binti yangu amehama. Anasema hawezi kulala nyumba moja na baba anayetota. Mimi siwezi kuhama. Nimwache na nani?"

Nilimuuliza kama anamwogopa.

"Yule? Hata kuku hakuwahi kumchinja, alikuwa anamwita jirani. Simwogopi. Namwonea huruma. Mfuteni, karani. Mwandikeni amekufa, nikae eda yangu, naye alale."

Fomu ya ombi kama hilo haikuwepo. Nilichukua fomu ya kuhama mtaa nikalikata neno "mtaa". Niliijaza kwa mwandiko wangu bora kuliko wote. Ukiniuliza kwa nini nilijitahidi hivyo, nitasema ni mazoea ya kazi.

Jibu lilitoka baada ya miezi miwili. Idara ilikuwa imerejea kitabu na kukuta kwamba mkataba ni kati ya mtu na serikali, na hakuna awezaye kuuvunja kwa niaba ya mwingine, hata mke. Kwa hiyo marehemu afike mwenyewe, Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na kitambulisho na picha mbili ndogo za rangi.

*

Jumanne hiyo tulikuwa wanne mezani: Dokta Sekibo, wajumbe wawili wa Kamati, na mimi na daftari langu. Bi Mwanakheri aliingia saa nne kamili. Hakufunga mlango. Aliuacha wazi kama unavyomwachia mtu anayetembea taratibu nyuma yako.

Akaingia Shaibu Lukoa. Alivaa shati la buluu lenye grisi kifuani. Shingo yake ilikuwa imelalia upande wa kushoto, kwa hiyo nikajua nilipiga shingoni. Aliweka kitambulisho na picha mbili mezani, zote zimelowa, akangoja aambiwe akae. Mjumbe mmoja alimvutia kiti. Katika ofisi zetu sijawahi kumwona raia akivutiwa kiti.

Dokta Sekibo alimuuliza jina, mtaa, kazi. Akamuuliza kama amekuja kwa hiari. Akajibu yote, kwa sauti ile ile ya mwisho wa benchi.

"Una shida gani, bwana Lukoa?"

"Naomba nisiitwe tena, mheshimiwa."

"Kwa sababu gani?"

"Nimekufa. Siku ya Asili, saa nane."

"Siku hiyo hakuna kilichotokea."

Shaibu alifikiri. "Mimi nilikuwepo," alisema.

Wajumbe waliinamiana wakanong'ona. Mmoja alitumia nafasi hiyo kumuuliza kama bado anatengeneza baiskeli, maana mnyororo wake unaruka, na Shaibu akamwambia ailete tu. Kisha Dokta Sekibo akavaa miwani, akasoma uamuzi, na naamini aliutunga pale pale, kwa sababu alikuwa mtu mwenye akili.

"Mwombaji ameitwa, akaja. Ameulizwa, akajibu. Ameleta picha mbili, kama alivyoelekezwa. Raia wa namna hii si kwamba yu hai tu, ni mfano wa kuigwa. Anayeweza kufika ofisini kusema amekufa, hajafa. Ombi limekataliwa."

Bi Mwanakheri hakulia. Aliuliza, kama mtu anayeuliza njia, kama hakuna mlango mwingine.

Dokta Sekibo alikuwa muungwana, hakumficha. Alimweleza kuwa upo. Karani wa daftari anaruhusiwa kuandika kifo bila kupitia Idara, iwapo aliyekuwepo wakati wa kifo atajitokeza na kutaja alichofanya au alichoona, kwa jina lake kamili. Lakini penye kifo hiki, kama kilikuwepo, mke hakuwepo, majirani walishaandikwa kuwa hawakuona kitu, na waliobaki ni Watu wa Asili. "Nao, mama," alisema akikunja miwani, "hawana majina. Hiyo ndiyo asili." Akacheka kidogo, akawachukua wajumbe wake wakaenda kunywa chai.

*

Tulibaki watatu. Tone lilikuwa likidondoka kutoka kwenye mkono wa shati la buluu, likisubiri, likidondoka tena. Bi Mwanakheri alianza kukusanya picha zilizolowa.

Shaibu hakuinuka. Alikuwa ananitazama. Hakunitazama kwa hasira, hiyo ningejua la kufanya nayo. Alinitazama kama fundi anavyomtazama mteja aliyeleta chombo na kusema hajui kilivunjikaje: fundi anajua, na ana siku nzima ya kungoja.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nimewahi kujiambia kuwa ni adabu. Siku zote hizo nilikuwa nimejipangia hoja zangu vizuri: kwamba nilikuwa wa tatu, na wa tatu si wa kwanza. Kwamba gunia liliniziba. Kwamba lau ningekataa, kirungu kingepewa mwingine. Nilizipitia tena pale mezani, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sahihi. Tone likadondoka.

Nilifungua ukurasa wa ishirini na sita. Niliweka rula juu ya jina, nikapiga mstari. Pembeni, palipokuwa na nafasi, niliandika:

*Shaibu Lukoa, fundi baiskeli, wa Kisimani. Amekufa. Siku ya Asili, saa nane mchana, penye bomba. Alipigwa na watu wanne. Wa tatu alimpiga shingoni. Wa tatu ni mimi, Ngwale Mtamba, karani.*

Miaka kumi na tisa nimeandika majina ya watu, na langu halikuwahi kuingia katika daftari. Lilinipa shida kuliandika, kama la mgeni.

Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu, na maji yalikuwa yamebaki kitini na sakafuni, yakianza kukauka kutoka kingoni. Sikusikia mlango. Bi Mwanakheri hakuwa anaangalia kiti. Alikuwa amesimama kando yangu, anasoma, kidole chake kikifuata maneno. Kilipofika kwenye jina langu kilisimama hapo muda mrefu. Kutoka chumba cha chai niliwasikia wakubwa wakicheka jambo jingine.

"Ulimpiga kwa mkono gani?" aliuliza.

"Wa kulia, mama."

"Na unaandikia upi?"

"Huo huo."

Nilitaka kusema neno. Aliinua kiganja, nikalimeza. Akavuta kile kiti, akakaa juu ya unyevu wake, akaweka mikono mapajani.

"Andika nakala," alisema. "Kwa hati inayosomeka. Kuna nyumba kumi nyingine nitawapelekea waione."

Nilichukua karatasi safi nikaandika, neno kwa neno, na yeye aliutazama mkono wangu tangu herufi ya kwanza hadi nukta. Kisha akaikunja nakala mara nne, akaitia kifuani, akatoka kwenda kukaa eda.